Kunya Anye Kuku, Akinya Bata Kaharisha

Ndugu wasomaji, methali tuliyoipachika hapo juu si ya kutajwa mezani, nasi tunawaomba radhi waliolifungua jarida hili wakiwa na sahani ya wali mapajani. Tulitafuta nyingine yenye adabu zaidi tukaikosa. Tunalotaka kulisema leo ni habari ya choo na kinachotoka chooni, na katika jambo hilo wahenga wetu hawakuzunguka mbuyu.

Kila tunapokutana huku Uingereza, iwe arusini, kwenye hitima au katika mkutano mkuu wa chama, hawakosi wa kusema kwamba wenzetu Wazungu ni wasafi, mito yao yang'aa, ilhali kule kwetu mto umegeuzwa jaa. Msemaji aghalabu ametoka likizo. Amepita Jangwani akauona Msimbazi, au amepita katikati ya Nairobi akaziba pua, naye amerejea na hukumu mfukoni: watu wetu hawana ustaarabu. Wasikilizaji hutikisa vichwa, mmoja huongeza kisa chake, kisha biriani huletwa na mazungumzo yakaishia hapo.

Sisi tunasema, kwa heshima zote, kwamba maneno hayo si kweli. Tena yana madhara, kwa sababu anayeamini kwamba mto huchafuliwa na tabia ya watu hana analoweza kulifanya ila kusikitika. Mto husafishwa na bomba, mtambo, sheria na mwananchi asiyekubali kunyamaza. Vikiwapo vinne hivi mto huwa safi, popote duniani. Vikilegezwa, uchafu hurudi, hata hapa London.

Tuanze na neno ambalo mkazi yeyote wa Dar es Salaam analijua: kutapisha choo. Mvua kubwa ikianza kunyesha, mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa na hana fedha za kuita gari la kunyonya, hulitoboa shimo lake. Majitaka huchukuliwa na mvua hadi kwenye mfereji, na kutoka kwenye mfereji hadi mtoni. Bwana afya akimkamata humtoza faini, na majirani humsema. Ni haki yao kumsema, maana kipindupindu hakibishi hodi.

Sasa tuitazame England. Miji mingi ya zamani ina bomba moja linalobeba maji ya vyooni na maji ya mvua kwa pamoja. Mvua ikizidi na bomba likaelemewa, kuna matundu maalumu, zaidi ya 14,000 nchi nzima, yanayoachia mchanganyiko huo uende mtoni au baharini bila kusafishwa. Waliyoyajenga waliyakusudia kwa siku za dharura, ili uchafu usirudi majumbani kwa kupitia vyooni. Lakini mwaka 2023 matundu hayo yalimwaga kwa jumla ya saa milioni 3.6, na mwaka 2024 yakamwaga kwa muda ule ule na kuzidi kidogo. Dharura gani hiyo isiyokwisha mwaka hadi mwaka? Mkazi wa Vingunguti angeliita jambo hili kwa jina lake, kutapisha choo. Huku linaitwa kufurika kwa sababu ya dhoruba, na aliyelifanya ana ofisi, nembo na wanasheria. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Wala si mvua peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya Southern Water ilitozwa faini ya pauni milioni 90 baada ya kukiri kwamba kati ya 2010 na 2015 ilimwaga majitaka kinyume cha sheria mara 6,971 katika mito na pwani za kusini mwa nchi. Mwezi Mei 2025 Thames Water, inayohudumia London na miji ya jirani, ilitozwa na msimamizi wa sekta ya maji jumla ya pauni milioni 122.7. Sehemu kubwa, pauni milioni 104.5, ilikuwa kwa makosa ya majitaka, na iliyobaki ni kwa kugawa faida kwa wenye hisa kinyume cha kanuni. Takwimu za serikali za 2019 zilionesha kwamba ni asilimia 14 tu ya mito ya England iliyokuwa katika hali njema kwa viumbe. Lawama haiko kwa majitaka peke yake, kwani mbolea na samadi ya mashambani nazo zimo. Lakini yule ndugu yetu aliyesema mito ya wenzetu yang'aa aende akayaulize maji yenyewe.

Upo mto mmoja ambao jina lake linatuhusu sisi wageni wa nchi hii kuliko mingine. Meli ya Empire Windrush, iliyowaleta wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi mwaka 1948, ilipewa jina la mto mdogo unaopita Oxfordshire na kuingia Thames. Watu wanaoishi kando ya Mto Windrush waliona maji yanabadilika rangi na samaki wanapungua, wakaunda kikundi chao. Mmoja wao, Peter Hammond, profesa mstaafu aliyezoea kazi za hesabu na kompyuta, alizichukua takwimu za mitambo ya majitaka na kuzichambua. Akaonesha kwamba umwagaji uliovunja masharti ya vibali ulikuwa mwingi kuliko wenye mamlaka walivyokuwa wakijua au wakisema. Hao hawakuwa wanasiasa wala matajiri. Walikuwa majirani waliochoka kuambiwa kwamba mambo ni shwari. Kabla yao, tangu 1990, wacheza mawimbi wa Cornwall walikuwa wameunda chama cha kupinga majitaka baharini kwa sababu walikuwa wakiugua kila wakioga.

Yawapasa wale wanaotusifia ustaarabu wa Wazungu waijue na historia. Katikati ya karne ya 19 London ilikuwa mji tajiri kuliko yote duniani, na watu wake walikuwa wakinywa kinyesi chao. Vyoo vilimwagia Thames, na baadhi ya kampuni za maji zilichota humo humo. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 mjini humo. Mwaka 1854 Daktari John Snow alionesha kwa ramani na hesabu kwamba vifo vya mtaa wa Soho vilizunguka pampu moja ya maji, na wakubwa wengi hawakumwamini. Walikuwa wakishikilia kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya.

Kilichowageuza ni kiangazi cha 1858. Joto lilipanda, mto ukavunda, na uvundo ukaingia ndani ya jengo la Bunge lililo kando ya maji. Mapazia yalilowekwa dawa ya chokaa na bado waheshimiwa hawakuweza kukaa. Maskini walikuwa wamekufa kwa maelfu pasipo sheria kupita. Harufu ilipoingia puani mwa wabunge, sheria na fedha zilipatikana katika muda wa wiki chache. Tunawaachia wasomaji wenyewe wapime huo ni ustaarabu wa namna gani.

Mhandisi Joseph Bazalgette ndiye aliyepewa kazi. Alijenga mabomba makubwa ya matofali ya kuyakinga majitaka kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, Beckton na Crossness. Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi kiliua maelfu mashariki mwa London, sehemu ambayo mabomba yake yalikuwa bado hayajakamilika. Aliyetaka ushahidi alikuwa nao.

Lakini Bazalgette aliuhamisha uchafu tu, hakuusafisha. Mwezi Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na matundu hayo ya mashariki, majitaka yakiwa yametoka kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, na wengi waliamini kwamba yale maji yalichangia kuwaua hata waliojua kuogelea. Baada ya hapo ndipo wakubwa walipoanza kukubali kwamba kuusukuma uchafu kwa jirani si kuusafisha.

Usafishaji wenyewe si uchawi. Kwanza majitaka hupita kwenye chekeche za chuma zinazoshika matambara na takataka. Kisha hutuama kwenye mabirika, yaliyo mazito yakazama. Kisha hupulizwa hewa ili vijidudu, bakteria, wapate oksijeni na kuula uchafu uliobaki. Mwisho hutuama tena, tope likaenda upande wake na maji yakaenda mtoni. Samaki hufa pale tunapoiacha kazi hiyo ya kula ifanyike ndani ya mto wenyewe, kwani bakteria huimaliza oksijeni iliyomo majini na samaki hukosa pumzi. Njia hiyo ya kupuliza hewa ilivumbuliwa Manchester, na Ardern na Lockett waliitangaza mwaka 1914. Miaka miwili kabla, tume ya kifalme ilikuwa imeweka kipimo: katika kila lita ya maji yanayotoka mtamboni, uchafu unaoelea usizidi miligramu 30, na oksijeni inayohitajiwa kuumaliza uchafu isizidi miligramu 20. Tena kipimo hicho kilichukulia kwamba mto unaoyapokea una maji masafi angalau mara nane zaidi.

Hata hivyo elimu peke yake haikutosha. Mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London waliitangaza Thames ya mjini kuwa mto mfu. Fedha zikawekwa, Beckton na Crossness zikapanuliwa, na mwaka 1974 akaonekana samoni, samaki asiyestahimili maji machafu. Hizo zilikuwa fedha za umma na kazi ya miaka mingi. Mwaka 1989 serikali iliuza mashirika ya maji ya England na Wales, nayo yakakabidhiwa yakiwa yamefutiwa madeni. Ni haki kusema kwamba mitaji iliingia, na kwamba sheria ya Ulaya ya 1991 iliwalazimisha kusafisha zaidi. Fukwe nyingi zikapona. Lakini kampuni zilianza kukopa huku zikigawa faida, mabomba yakazeeka, watu wakaongezeka, na wasimamizi wakapunguziwa bajeti. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza imevunja sheria hiyo, London ikiwamo. Dawa yake ni handaki la kilomita 25 chini ya Thames, lililounganishwa lote Februari 2025 kwa gharama ya mabilioni ya pauni, na wanaolilipia ni wateja wenyewe kupitia bili zao. Ndiyo, ndugu msomaji wa East Ham, na wewe umo.

Sasa turudi nyumbani, tukiwa tumeiacha aibu mlangoni.

Wanaodai kwamba watu wetu ni wachafu kwa asili watembelee magofu ya Gede karibu na Malindi. Nyumba za mawe za mji ule uliohamwa karne nyingi zilizopita zina vyoo vya shimo, na zina mahali pa kutawadhia. Wakati huo miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikimwaga ndoo barabarani. Kilichobadilika si damu yetu. Watu wa mji wa mawe walikuwa maelfu, na shimo moja kwa nyumba liliwatosha. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi leo ni mamilioni, na shimo halitoshi.

Si mbali na Gede, mto Sabaki unaingia baharini. Sabaki ndiyo Galana, na Galana ndiyo Athi, na Athi huupokea mto Nairobi. Kinachotupwa Mathare hakiishii Mathare. Mto hujisafisha kiasi njiani, lakini si kila kitu huliwa na bakteria. Na maji ya Baricho, yanayovutwa kutoka kwenye mchanga wa kando ya Sabaki, ndiyo yanayopelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo mpwani anayecheka uchafu wa Nairobi anaicheka birika yake mwenyewe.

Je, hakuna sheria? Ipo. Kanuni za Kenya za 2006 zilitaka maji yanayorudishwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita katika vipimo vyote viwili tulivyovitaja. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Je, hakuna ujuzi? Upo. Mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai na yale ya Vingunguti yanatumia njia inayoifaa nchi yetu kuliko Uingereza: maji hupitishwa bwawa hadi bwawa, jua na joto huwaharakisha bakteria, mwani hutoa oksijeni bure bila mashine ya kupuliza. Kinachotakiwa ni ardhi, kuondoa tope kwa wakati, na kwanza kabisa majitaka yenyewe yafike. Hayafiki. Walio wengi hawana bomba la majitaka mtaani mwao, na mabomba yaliyopo hupasuka au huziba njiani. Hilo ni suala la bajeti na usimamizi, wala halina uhusiano na malezi ya mtu.

Na hapa ndipo tunapovigeukia vyama vyetu, kwani polemiki isiyogusa nyumbani ni porojo. Kwa miaka mingi tumeona huku michango ya visima, ya madrasa, ya zahanati na ya magari ya wagonjwa. Mungu awalipe waliochanga. Mchango wa majitaka hatujauona. Sababu tunaijua. Kisima kina picha: mama na ndoo, watoto wakicheka, kibao chenye jina la chama. Bwawa la majitaka halina picha, na hakuna mgeni rasmi anayependa kukata utepe mbele ya karo.

Lakini maji yakiingia lazima yatoke. Wahandisi hukadiria kwamba katika kila lita 100 zinazoingia nyumbani, kama 80 hutoka zikiwa majitaka. Anayewapelekea watu pampu bila kuwaza hilo amewapelekea na uchafu wa ziada. Tena miji yetu mingi ya pwani imekaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, na cha chooni hupenya hadi kisimani bila kizuizi. Tutakuwa tumetoa sadaka kwa mkono wa kulia na kuitia kinyesi kwa wa kushoto.

Tunawasikia watakaosema kwamba majitaka ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali idaiwe, kwa barua, kwa kura na mahakamani. Lakini maji safi nayo ni kazi ya serikali, na hilo halikuwazuia watu kuchanga. Wapo pia watakaosema kwamba mitambo ni ghali. Mitambo mikubwa ni ghali. Choo cha shule chenye karo lililojengwa vizuri si ghali kuliko kisima.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunaomba yaingizwe katika ajenda za vyama vyetu mwaka huu.

La kwanza, chama kisichangie kisima pasipo kuuliza vyoo viko wapi. Mwongozo unaofuatwa katika kazi za misaada ni kwamba choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji hayo kwa mita moja na nusu. Asiyeweza kulijibu swali hilo asipewe hundi.

La pili, anayejenga nyumba nyumbani aulize karo lake litanyonywa na nani, na gari hilo linakwenda kumwaga wapi. Fundi akijibu "tutaona", atafutwe fundi mwingine. Vigae vya sebuleni havina maana ikiwa uchafu wa nyumba unaishia kwenye kisima cha jirani.

La tatu, tuwe raia wa mahali tunapoishi. Kampuni za majitaka za England sasa zinalazimika, tangu Januari 2025, kutangaza kila tundu linapomwaga, ndani ya saa moja. Ramani zipo wazi kwa kila mtu. Mbunge wa sehemu yako anazo siku za kukutana na wananchi, na swali la mto ni lile lile, liulizwe kwa lafudhi ya Pemba au ya Yorkshire. Watoto wetu wanacheza katika mito hii, na bili tunalipa sawasawa na wengine. Wenzetu wa Maskati nao wanaona miti ya kando ya barabara ikinyweshwa maji yaliyosafishwa kutoka kwenye majitaka. Waziandikie jumuiya zao huko nyumbani jinsi kinachotupwa kinavyoweza kuwa mali.

Basi katika harambee ijayo, risala zikishasomwa na ahadi zikishatolewa, atasimama mtu mmoja nyuma ya ukumbi aulize: majitaka yataenda wapi? Tunaomba asichekwe wala asiambiwe akae chini. Apewe kipaza sauti, na mwenyekiti amjibu kabla ya fedha kuhesabiwa.